Jino Nililojitengenezea kwa Uchumba wa Nesma

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku tano kabla ya uchumba wa binti yangu Nesma. Jino langu la mbele limebaki kisiki. Daktari kalichonga, kaweka kofia ya plastiki ya muda, ya manjano, inayopiga filimbi nikitamka "salamu". Na baba wa mchumba ni Lamlum, jenerali mstaafu!

Tangu duka langu la masinki na vigae lifungwe, nafanya kazi katika karakana ya meno ya shemeji yangu Nagib, hapa Tanta. Nafagia vumbi la plasta. Kwa sasa.

Leo Suhair, fundi mkuu, kaniambia nikae nipimwe, atanitengenezea jino la kauri kabla ya Alhamisi. Bure. Nikamkumbusha nina miaka thelathini katika kauri.

"Ami Fakhri, hayo yalikuwa masinki. Sinki halitafuni."

Wakacheka wote. Hata Nagib! Basi. Nitalitengeneza mwenyewe.

Jumapili, 5 Oktoba

Suhair kaenda kula koshari. Nikachanganya unga wa kauri na maji, nikaujenga kwa brashi juu ya nakala ya plasta ya kisiki changu, iliyotoka kwa daktari. Kipimo kamili, hata unywele hauzidi. Tanurini!

Limetoka kama punje ya mchele. Hujuma!

Suhair akarudi, akalitazama, akasema unga ukiiva chembe zake huyeyuka zikashikana, jino likanywea. Ndiyo maana hujengwa kubwa zaidi, karibu sehemu moja ya tano. Nikamjibu najua. Hili ni la mtoto. Akauliza mtoto yupi. Nikaenda kufagia.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimelijenga kubwa mara mbili, kwa usalama. Limetoka la punda. Nikalisaga hadi likanitosha. Kazi safi.

Nikaliweka chini ya ubao, nikapanda juu na kilo zangu mia na nne. Salama salimini! Nikawaita wote waje kushuhudia. Ili kupamba maonyesho nikaligonga ubavuni kwa kijiko cha chai.

Vipande viwili.

Suhair akasema kauri huvumilia kukandamizwa, haivumilii kupindwa. Akaongeza kuwa anamfahamu mtu wa namna hiyo. Sijui alimsema nani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimegundua siri ya Suhair. Zirkonia! Kauri ya wanaume. Nimejichukulia kipande kilichobaki kwenye droo yake. Kabla ya kuchomwa ni laini kama chaki, nimekichonga kwa kisu cha jikoni cha mke wangu Ibtisam. Nimekizidisha sehemu moja ya tano, utaalamu wangu binafsi. Kiko tanurini tangu asubuhi.

Jumatano, 8 Oktoba

Gumu! Nimelikwaruza kwa msumari, aliyechubuka ni msumari.

Suhair ana vijiti vya rangi za meno. Alivipanga kando ya mdomo wangu akasema rangi yangu ni chai na sigara za miaka mingi, jino litiwe rangi hiyo. Chai na sigara! Mimi sikutia kitu. Jeupe tupu. Akasema basi walau niling'arishe, likibaki na mikwaruzo litalisaga jino la chini yake. Wivu.

Nimelibandika kwa gundi ya kuzibia masinki. Ulimi unanuka bafu, lakini limeshika.

Ibtisam alilitazama. Akaniomba nizime taa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika ya jana.

Ukumbi ulijaa. Nesma kavaa kijani, mzuri mpaka nikataka kulia. Nikamtabasamia kila mtu, hata wahudumu. Jenerali Lamlum hakutabasamu hata mara moja. Aliitikia kwa kichwa, midomo kaifunga kama bahasha. Nikajua yeye hatupendi. Nikatabasamu zaidi.

Kisha mpiga muziki akazima taa, akawasha zile taa za zambarau. Nguo nyeupe zikang'aa. Meno ya watu yakang'aa kibuluu. Ghafla mke wa Jenerali akapiga kelele:

"Mama yangu! Baba wa bibi harusi kadondosha jino!"

Nikajitazama kwenye sinia. Shimo jeusi! Nikapiga magoti. Nikasimamisha muziki, nikaamuru mtu asisogeze mguu. Mashangazi wakatambaa. Bwana harusi akatambaa. Nikachakura chini ya meza hadi nikagongana uso kwa uso na Jenerali, naye akitafuta. Kwa uchungu wa kugongana akafungua mdomo.

Mashimo manne meusi!

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Fakhri," akanong'ona. "Mwaka wa tatu huu sicheki kwenye harusi."

Suhair, mwalikwa wa Nesma, akainama, akainua kitambaa cha meza.

"Ami, limo mdomoni mwako. Meno ya asili hung'aa kwenye taa hizi. Kauri isiyotiwa kiungo cha kung'aa, kama yako na ya Jenerali, huonekana nyeusi."

Jenerali akaanza kucheka. Akacheka hadi machozi, mdomo wazi, mashimo yote manne nje. Nikacheka naye. Tulipotoka chini ya meza tumeshikana mabega, mkewe akasema hajamwona akicheka hivyo tangu astaafu. Nesma akanibusu kwenye paji la uso. Akaniambia baba, umeniaibisha kuliko baba yeyote katika Tanta, na uchumba umependeza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Suhair kaniwekea kiboksi mezani. Jino. Alilitengeneza siku ile ile niliyokataa. Rangi ya chai. Mwanga unapenya kwenye ncha, kuna hata kaufa kadogo kama kwenye jino jirani. Nimelijaribu chini ya taa ya zambarau: linang'aa.

Nimelirudisha kwa heshima. Lina kasoro moja kubwa. Linafanana mno na jino.

Saa nne Jenerali akapiga simu. Kauliza nani fundi wangu, maana jino langu halikudondoka hata tulipogongana. Nikasema ni mimi mwenyewe. Anataka manne, yang'ae harusini kuliko ya mkewe. Nimekubali.

Yang'ae? Rahisi! Nimekwenda bohari ya duka langu lililofungwa. Nyuma ya vigae nimekuta kopo zima la rangi ya vibao vya "Njia ya Kutokea", ile inayowaka gizani. Ya kijani. Nimempigia nikamwambia aje kesho, na asimwambie Suhair.