Uamuzi wa Kamati Kuhusu Mkia wa Panya

Wananchi walitangaziwa rasmi, kwa tarumbeta na vipaza sauti, kwamba dawa mpya ya kunguni imefaulu majaribio: imeua panya wote wa maabara, na kwa hiyo ni salama kabisa kwa binadamu.

Mwenyekiti wa Kamati ya Kubaini Kama Sumu Inamhusu Mtu alijivunia sana tangazo hilo, maana alilitunga mwenyewe, kiyoyozi kikimpuliza kisogoni. Aliyeleta ubishi ni mtaalamu wa sumu peke yake, dada mmoja asiyejua kunyamaza.

"Mheshimiwa, dawa hii inavuruga mishipa ya fahamu. Panya walitokwa mate, wakatetemeka, wakakata roho. Na mishipa yetu inafanya kazi vilevile."

"Panya ana mkia?"

"Anao."

"Wewe unao?"

Wajumbe wakacheka mpaka chai ikawapalia. Kamati ikaazimia kwa kauli moja kwamba madhara hupitia mkiani, na binadamu, kwa kukosa miundombinu hiyo, hahusiki. Ili kubana matumizi, hospitali zote zikaamriwa kurudisha dawa ya kuzimua sumu hiyo. Ikabaki kwa madaktari wa mifugo tu, kwa faida ya wenye mikia.

Haikupita muda, wapulizaji wa dawa wakaanza kutetemeka majumbani mwao. Mwenyekiti hakuwapuuza. Alitoa tamko kwamba mtetemeko wao ni wa hiari.

Ndipo kunguni, ambao hawasomi matamko, wakaingia kwenye viti vya kamati yenyewe. Ofisi ikapulizwa dawa asubuhi, madirisha yakafungwa ili ubaridi usipotee bure, Mwenyekiti akaketi kuwasubiri wajumbe, ambao walichelewa kama kawaida yao. Walipofika, mate yalikuwa yanamtiririka juu ya tai, macho yanaona ukungu, magoti yanagongana. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, aliogopa.

Mkewe akamkimbiza hospitali. Dawa hakuna. Akamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akalazwa kati ya ndama na mbwa aliyevunjika mguu.

"Mama, sheria hainiruhusu kutibu mtu," daktari akasema, sindano mkononi. "Na kamati imesema sumu hii haimpati mtu. Sasa huyu ni mnyama gani?"

"Baba watoto, futa uamuzi wako hapa hapa, utibiwe kama mtu!" mkewe akasihi.

Mwenyekiti akapima heshima ya kamati, akapima na yake.

"Mbuzi," akanong'ona.

Akachomwa sindano, akapata nafuu. Habari zikavuja. Kesho yake wapulizaji wakafurika kwa daktari wa mifugo, wameshikiliana wasianguke.

"Mbuzi, daktari."

"Na mimi mbuzi. Na huyu shemeji yangu pia."

Wakatibiwa wote.

Mwenyekiti aliporudi kazini alimkuta Waziri amekalia kiti chake.

"Pole kwa kuugua," Waziri akasema. "Ila kanuni hairuhusu mbuzi kuongoza kamati."

"Mheshimiwa, mimi ni mtu kabisa!"

"Basi dawa inadhuru watu, na aliyeipitisha ni wewe. Polisi wako hapo nje. Haya, wewe ni mtu au mbuzi?"

Mwenyekiti akamtazama mtaalamu wa sumu, aliyesimama mlangoni akisubiri jibu kwa hamu ya kisayansi. Kisha akashusha macho.

"Meee," akasema.