Aktueta Nne kwa Mbili

Fundi Geji hakuwa fundi, lakini geji alikuwa nayo. Ilifungwa kwenye pampu ya mkono yenye mpira mweusi, na kwenye mpira huo, mahali ambapo dole gumba hutua bila kutumwa, palikuwa na kitundu kidogo kuliko punje ya mtama. Kitundu hicho ndicho kilichomlisha na kumvisha.

Asubuhi hiyo, nyuma ya geti lililoachwa wazi, aliona mama mmoja akiosha gari jekundu la spoti kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Geji akasimama. Gari linaloogeshwa namna ile lazima liwe na vyuma vizima ndani yake.

Na vyuma vizima alivihitaji haswa. Jana yake alifungua boneti ya gari la aina hiyo hiyo, la kocha mmoja wa ngumi, akatangaza kwamba aktueta zake mbili zimekufa, akapokea malipo ya mpya na kuahidi kuzileta leo saa kumi. Mpya hazikuwepo. Zilizokuwepo ni zile zile za kocha, nzima kabisa, zimelala mkobani baada ya kuoshwa kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa, isipokuwa kidoa kimoja cha zambarau kilichogoma kutoka. Angezifunga kwa mtu mwingine kama mpya, kisha za mtu huyo angezipeleka kwa kocha, nazo kama mpya. Kila mteja angebaki na kifaa kizima na Geji angelipwa mara mbili. Kwa maoni yake, huo ulikuwa mpango wa haki.

"Shikamoo mama. Samahani, hili gari nililisikia juzi likipita. Turbo zinalia."

"Marahaba, mwanangu. Zinalilia nini?"

"Aktueta."

Mama huyo alikuwa nesi mstaafu, mtu aliyekwisha kusikia vilio vya kila aina. Akakunja kitambaa chake na kuomba aonyeshwe. Geji akamwonyesha vikopo viwili vya bati, kila kimoja na fimbo yake ya chuma. Ukijaza upepo, akaeleza, fimbo inasukumwa na kufungua kimlango cha turbo. Ngozi ya mpira iliyo ndani ikichanika, upepo unavuja, fimbo haisogei, na gari linajinyima nguvu.

Akachomeka mpira, akapiga pampu, akaachia dole gumba. Sss. Mshale wa geji ukashuka mpaka sifuri. Akarudia kwenye ya pili, nayo sss.

"Pole sana, mama. Zimekufa."

"Zote?"

"Zote. Zimekwenda pamoja."

Akatoa za kocha mkobani, akaziweka kwenye meza ya uani, akazipima huku dole gumba limekaa mahali pake. Mshale ukapanda na kutulia. Nesi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kisha akamwomba aende bombani akanawe, maana mikono ile isingegusa gari lake. Geji aliporudi alimkuta anafunga mkoba wake wa zamani wa kazi, na zile aktueta ziko mezani pale pale alipoziacha.

"Pesa taslimu sina, mwanangu," akasema. "Lakini marehemu mume wangu hakuwa mtu wa kutupa kitu." Akaleta boksi lenye aktueta nyingine mbili. "Hizi zilitolewa zamani. Fundi alisema zimekufa."

Geji alilazimika kukohoa ili asicheke. Tangu aanze kazi hakuwahi kusema kifaa kimekufa kikawa kimekufa kweli, na hakuona sababu ya kuwadhania mafundi wengine vibaya zaidi au vizuri zaidi.

"Chukua hizi pamoja na unazozitoa, uniachie hizo mpya. Nne kwa mbili."

"Mama, hiki ni chuma chakavu."

"Basi acha. Nitamwita fundi mwingine."

"Ila kwa kuwa wewe ni mzazi wangu," Geji akasema haraka, na spana ikawa tayari mkononi.

Alizifunga vizuri kuliko alivyowahi kufunga kitu chochote, kwa furaha tu.

Saa kumi kamili alikuwa uani kwa kocha. Kwa mbwembwe akaamua kupima kwanza mwenye gari akitazama. Akaziba kitundu kwa dole gumba, akapiga pampu. Mshale ukashuka. Akakandamiza kwa vidole viwili. Ukashuka. Akachukua ya pili, ya tatu, na ya nne, ambayo fimbo yake haikutikisika hata kidogo.

"Hiyo nayo vipi?" kocha akauliza.

"Inapasha misuli."

Akapiga namba aliyoachiwa na nesi. Kwa kuwa mikono ilijaa grisi, aliiweka simu juu ya injini, sauti ikitoka nje.

"Mama, ulizonipa mbona mbovu?"

"Si ulizipima mwenyewe ukasema zimekufa? Nimepima watu presha miaka thelathini na moja, mwanangu. Mpira uliotoboka naujua kwa sauti. Ulipokwenda kunawa nikapima zako kwa mashine yangu ya presha: nzima. Zangu zimechanika tangu mwaka jana, za kwenye boksi tangu mwaka juzi. Ulinidanganya kila kitu isipokuwa hilo." Nyuma ya sauti yake turbo mbili zilipiga mluzi. "Nimempita dada yangu mlimani sasa hivi. Miaka miwili ananipita na kunipigia honi. Na kile kidoa cha zambarau sikukifuta, kimenipendeza."

Geji alinyoosha mkono akate simu, akakuta mkono mwingine umeshafika.

"Hiyo ni rangi ya kucha ya mke wangu," kocha akasema polepole. "Alitia alama zisije zikaibwa. Nikamcheka." Akainama kwenye simu. "Mama, wewe endelea na safari yako. Zangu nimekuachia. Huyu bwana ananinunulia mpya."

Geji akatazama geti. Kocha alikuwa ameshamshika bega, bila kulibana.

"Duka liko mbali kidogo," kocha akasema. "Tutakwenda kwa miguu. Gari langu, kama unavyojua, halina aktueta."