Ombi la Kupitisha Sumaku Tumboni mwa Padre

Mwl. Edmund Alphonce (mstaafu),
Jirani na mwalo,
Lundo.

Kwa Padre Cleopa,
Nyumba ya Padre,
Mtaani kwetu.

YAH: KITU CHANGU KIDOGO AMBACHO NAAMINI UNACHO

Mpendwa Padre Cleopa,

Shikamoo yako ya Jumapili niliipokea mlangoni pa kanisa, nami nikaitika marahaba kama ilivyo desturi yetu. Ndani ya kanisa wewe ni baba yangu. Nje ya kanisa wewe ni yule mtoto wa dawati la nyuma niliyemfundisha sayansi nilipokuwa kazini mbali na hapa. Barua hii naiandika nikiwa nje ya kanisa, lakini adabu zote nimezichukua ndani.

Sina hasira. Mke wangu Dorothy atakushuhudia kwamba tangu jambo hili litokee nimekasirika mara chache tu, na kila mara niliyemkasirikia alikuwa kuku. Naandika kwa sababu nina hoja za kisayansi, nitakazozieleza taratibu, zinazonifanya niamini kwamba ndani ya mwili wako kuna mali yangu. Tafadhali soma ukiwa umekaa wima. Usijikunje. Sababu utaiona mbele.

1. Kuhusu kupotea kwa kitu chenyewe.

Tangu nistaafu, starehe yangu ni kuunganisha vifaa vidogo vya umeme. Mtu hununua pakiti yenye vipande vilivyotawanyika, bodi yenye matundu na karatasi ya mchoro, kisha huviunganisha mwenyewe kwa waya wa risasi na chuma cha moto. Nimekwisha kutengeneza kengele ya mlango, ambayo inalia vizuri sana, hasa wingu likipita. Vifaa huniagizia kutoka Dar es Salaam Bwanali, yule fundi simu wa Mbinga, karibu na stendi. Safari hii aliniletea pakiti ya kifaa cha kukuza sauti, cha kuvaa sikioni.

Bwanali aliifungua pakiti mbele yangu, akanionyesha kipande kimoja kiitwacho kapasita. "Mwalimu," akaniambia, "hiki usikipumulie. Ukipiga chafya hapa, utakiokota Mbamba Bay." Nilimcheka. Sasa simcheki tena.

Kapasita, Padre, ni kama mtungi wa umeme: hujaa kidogo, humimina kidogo. Mtungi wangu huu ni mdogo kuliko punje ya ulezi, na rangi yake ni ileile ya sakafu ya baraza langu. Aliyeichagua rangi hiyo hajawahi kufagia.

Niliuinua kwa kibano. Nikabana kidogo. Nikabana kidogo zaidi. Ukasema "ti!" ukaondoka. Nimefundisha kanuni za mwendo maisha yangu yote ya kazi, na nakuhakikishia kitu kile hakizijui.

Nikaanza kutafuta kwa utaratibu. Kwanza nililaza tochi sakafuni, ili kila kilicholala pale kitoe kivuli kirefu. Ni njia nzuri na ninaipendekeza kwa waumini wote. Nilipata jino la kitana, magamba ya samaki, na hereni ambayo Dorothy amekuwa akimshutumu nayo wifi yake wa Mpepai. Kisha nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaipitisha uwanja mzima. Mchanga wetu wa ziwani, kama unavyojua, una chembe nyeusi zinazopenda chuma. Sumaku ilitoka na ndevu kama za nabii, lakini haikutoka na kapasita. Dorothy akaleta ungo, akapepeta vumbi la barazani. Upepo wa ziwa ukatusaidia kwa namna yake, na vumbi lote likaingia kwenye usipa, dagaa wetu wa ziwani, walioanikwa.

Nikabaki na jaribio moja: kudondosha kitu kingine chenye ukubwa uleule, kutoka kimo kilekile, na kuangalia kinaelekea wapi. Nikachukua punje ya ulezi. Nikaibana. Ikasema "ti!"

2. Kuhusu tetea mwenye madoa.

Kabla punje haijaacha kuviringika, tetea wetu mwenye madoa alitoka chini ya meza akaimeza.

Jaribio moja halitoshi, hilo nilikufundisha. Nikadondosha ya pili. Akameza. Nikahamia pembe nyingine ya baraza, akahamia nami. Niliendelea hadi Dorothy alipotoka jikoni kuuliza ulezi wa uji uko wapi. Nikamjibu uko kwenye utafiti. Akasema, "Basi kesho asubuhi tutakunywa utafiti." Lakini ushahidi ulikuwa umekamilika: chochote kinachodondoka katika baraza lile hakifiki mwisho wa safari yake.

3. Kuhusu firigisi.

Hapa, Padre, ndipo unapoingia.

Mchana uleule ulipiga hodi. Hatukuwa na taarifa, lakini mgeni kama wewe hahitaji taarifa, na furaha yetu ilikuwa ya kweli. Nilikimbia kuvaa shati. Niliporudi, nilisikia kelele za kuku nyuma ya nyumba, kisha kimya. Tangu saa ile tetea mwenye madoa sijamwona uwanjani.

Unajua nyumbani kwangu firigisi ni ya nani. Ni yangu. Katika ndoa yetu Dorothy hajawahi kukosea. Lakini akija mgeni wa heshima, baba mwenye nyumba huisogeza kwa mkono wake mwenyewe, nami niliisogeza. Ulikataa kwanza, kama ipasavyo. Ukakataa tena. Nikakushikilia. Ukaichukua, ukatafuna, ukasita, ukasema kwa upole, "Mama, firigisi tamu, ila kama ina mchanga kidogo."

Dorothy aliona haya. Mimi nilisimama nusu, nikakaa. Moyoni nilikuwa nasema: mchanga huo umekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam! Lakini nifanyeje? Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni ateme. Hata kumwambia atafune polepole ni aibu. Nilichoweza kufanya ni kukukaribisha maji, nikitumaini utakohoa. Ulikunywa vizuri sana.

Najua utanijibu kwamba firigisi hupasuliwa, humwagwa changarawe, na ngozi ya ndani hubanduliwa. Ni kweli. Dorothy anasema aliiosha. Nilipomuuliza kama alivaa miwani wakati wa kuiosha, aliniuliza kama mimi nilivaa miwani wakati wa kubana. Swali hilo halihusiani na barua hii.

4. Kuhusu dada yangu Ephrasia.

Huenda ukajiuliza kwa nini mzee mzima anasumbuka na kitu kidogo kuliko ulezi. Kifaa kile si changu. Ni cha dada yangu.

Wewe umemkuta Ephrasia akiwa kimya, kwa hiyo hukumjua. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya yetu. Alikuwa akitoa noti ya kwanza, na wanaume wa sauti ya nne wanaacha kukohoa. Kisha masikio yakaanza kufunga. Mara ya mwisho kuimba, alimaliza wimbo, akakaa, akafungua Kitabu cha Sala, wakati wenzake wako ubeti wa pili. Watu walicheka, si kwa ubaya. Yeye hakusikia kicheko, lakini aliona midomo. Hajaimba tena. Siku hizi jioni tukizungumza yeye hutazama nyuso zetu, na sisi tukicheka hutabasamu akiwa amechelewa kidogo, ili asituharibie. Hilo la kuchelewa ndilo linalonivunja moyo.

Nimemwahidi kwamba Sikukuu ya Mavuno atasikia kwaya. Nilimwandikia kwa chaki ukutani, herufi kubwa. Ameongeza alama ya kuuliza mbele yake, na kila nikipita naiona.

5. Kuhusu hatari kwa mtaa mzima.

Sasa naomba tufikiri pamoja, hatua kwa hatua. Kuku wetu humeza kila kinachong'aa: skrubu za simu, spring za kalamu, pini, ncha za waya. Wewe huzunguka sana. Umekula Chiwanda, umekula Mpepai, na kila ulipokwenda hukupewa paja, ulipewa firigisi. Kwa makadirio yangu ya tahadhari, wewe sasa unakaribia pakiti kamili. Kinachokosekana labda ni betri.

Na dalili zipo. Jumapili iliyopita uliposogelea maiki, spika ililia "wiiii" hadi watoto wakaziba masikio. Mzee wa kanisa Allen akalaumu waya. Waya ule niliukagua, Padre. Ni mzima. Ulipoisogeza maiki mbali na tumbo, ikanyamaza. Sitaki kukutisha, lakini ikitokea alfajiri ukasikia taarifa ya habari na hakuna redio chumbani, usimwamshe mkeo. Niite mimi.

6. Kuhusu maombi yangu.

Kwa unyenyekevu naomba yafuatayo.

Kwanza, uniruhusu nipitishe sumaku ya spika juu ya tumbo lako, sakristia, mbele ya Mzee Allen kama shahidi. Ncha za kapasita zina nikeli kidogo na huitika. Haiumi. Nimeijaribu kwangu mwenyewe, kisha kwa Allen. Yeye alicheka tangu kitovuni hadi mbavuni, kwa hiyo majibu yake hayakusomeka vizuri, ila kifungo cha suruali kilivutika.

Pili, kati ya matangazo ya ndoa na yale ya michango, liwekwe tangazo fupi kwamba yeyote aliyekula firigisi katika nyumba yenye fundi, na akahisi mchanga, ajitokeze bila woga.

Tatu, desturi ya firigisi isimamishwe kwa muda. Irudi kwa baba mwenye nyumba, ambaye anajua amedondosha nini. Kama kuisimamisha ni vigumu, basi mgeni aitafune juu ya sahani nyeupe, kwenye mwanga, mwenyeji akiwa ameshika tochi kwa ubavu.

Nne, kuku wote wa mtaa wafunge siku ninazofanya kazi. Waumini hufunga wakati wa Kwaresima na hatujapata malalamiko makubwa. Sioni kwa nini kuku wapewe uhuru kuliko mama anayefundisha watoto wa Shule ya Jumapili.

Nakuomba ujibu mapema, kwa kuwa mwili haukai na vitu milele, na sipendi kufikiria hatua itakayofuata, ambayo ingehitaji ungo.

Nimalizie kwa kuwasalimu wote walio chini ya paa lako: mama mwenye nyumba, watoto, na yule bibi anayekutunzia bustani. Wape salamu pia wanakwaya wote, sauti ya kwanza hadi ya nne, na waambie wasichoke. Mzee Allen msalimu polepole, bado akiguswa anacheka. Kuku wako pia wapo katika mawazo yangu, kwa namna nyingine.

Mimi niliyekufundisha na ninayefundishwa nawe,

Mwl. Edmund Alphonce

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Dorothy aliponiomba nimsomee barua kwanza. Nilipofika kwenye firigisi alianza kucheka, akashika ukuta, akakaa chini. Tetea mwenye madoa yu hai, Padre. Yuko nyuma ya ghala, anaatamia mayai, na ndiyo sababu hakuonekana. Kuku uliyemla aliazimwa mbio kwa jirani yetu Tadea, ambaye nyumbani kwake hakujawahi kuunganishwa hata kibatari. Mchanga uliotafuna ulikuwa mchanga. Nakuomba radhi, na tumbo lako pia.

Ephrasia alitukuta katika hali hiyo, akatutazama mmoja mmoja usoni kama kawaida yake. Kwa kukosa la kufanya nikamvalisha kile kifaa nusu-nusu, hivyohivyo bila kapasita, ili angalau aone nimejitahidi. Nikakiwasha. Kikafanya kazi. Nimerudi kuutazama mchoro nikiwa na miwani: kapasita ile ni ya taa ndogo ya urembo, inayowaka kukuonyesha kwamba umewasha. Sikio haliihitaji kabisa.

Kitu cha kwanza alichosikia dada yangu ni Dorothy akicheka. Alishika kifua. Kisha akacheka naye, Padre, palepale, hakuchelewa hata kidogo. Akaniamuru nirudie barua tangu mwanzo, na nisipaze sauti, yeye si kiziwi. Nimesoma hadi koo limekauka. Sasa yuko uani anaimba noti ya kwanza na kusubiri, anaimba na kusubiri, anatafuta nani aitikie.

Kwa hiyo sina dai lolote juu yako wala juu ya kuku yeyote. Barua naituma kwa sababu yeye amesisitiza ifike. Anasema umehubiri hapa muda wote huu na hajui sauti yako ikoje. Njoo leo ukiweza, uisome mwenyewe, na ukifika pa kucheka, cheka karibu naye.