Ujana wa Juma Moja

Jumatatu, 5 Mei 1975

Leo miaka sita tangu niondoke kwetu Beni, ng'ambo ya mpaka. Abudu, dereva wa lori, anakwenda mpakani Jumamosi na anataka mpakiaji mmoja hodari. Safari bure! Atachagua Ijumaa, hapa sokoni Kalerwe. Tunaogombea ni wawili: mimi na Mugisho, anayetaka kurudi Beni pia, ninayelala naye chumba kimoja Bwaise. Umri wetu sawa, ila yeye hazeeki. Mke wangu, Mbambu, alimtuma mchuuzi aniambie nirudi nikiwa na nguvu. Mzee, alisema, anaye tayari: baba yake.

Lazima niwe kijana kabla ya Ijumaa.

Nikamwuliza jirani yetu Concy, muuguzi. Akasema nitembee kila siku, nile mboga na maharage, nipunguze sukari na pombe kali ya waragi, nilale mapema. Nikauliza itachukua siku ngapi. Akasema miaka. Miaka! Nani anayo?

Jumanne

Nimeacha sukari. Kazi nyepesi, sukari yenyewe madukani haionekani. Waragi nimeacha pia, mpaka jioni. Mugisho alikula mchicha wake, akalala mapema. Nikamwambia anaishi kama kuku. Akajibu kwamba hajawahi kusikia kuku akilalamikia mgongo.

Jumatano

Kutembea ni kwa wasio na haraka. Nimekimbia. Lakini kukimbia peke yako alfajiri mjini humu ni kujitafutia balaa, basi nikajiunga mkiani mwa makuruta wa polisi waliopita wakiimba. Hila safi! Hakuna aliyegeuka. Tukaingia langoni. Lango likafungwa.

Sajini alikuwa Odur, mume wa Concy. Akapaza sauti: yule mzee wa mwisho, kichura! Nikaruka kichura uwanja mzima. Nikamkumbusha kwamba mimi ni jirani yake. Akasema hapa hakuna jirani, hapa kuna afande. Mwishowe wakanipa uji. Wenye sukari! Nikaomba tena. Nikaomba tena.

Alhamisi

Miguu imegoma. Nimeshuka kitandani kwa tumbo. Concy alinikanda huku akinisema: mzee, mimi nilisema tembea, nani alikutuma kuruka? Mugisho akaenda kazini kwa miguu, kama kila siku, akipiga mluzi. Makusudi.

Hila mpya. Kinachonichongea ni mvi. Nimenunua rangi nyeusi ya viatu.

Ijumaa

Kichwa cheusi tititi! Muuza nyanya mmoja ameniita kijana. Wenzake wakacheka, wivu tu.

Abudu akatuamuru tupandishe mikungu ya matoke. Jua kali. Mkungu wa kwanza, rangi ikaanza kutiririka. Wa pili, ikaingia machoni. Wa tatu niliupakia vizuri kabisa, kwenye lori la mtu mwingine. Abudu akauliza tangu lini vijana wanalia wino. Mugisho alipandisha yake huku akipiga soga.

Jumamosi

Mugisho ameondoka, amekaa mbele kama mkubwa. Ameniachia maharage yake. Akasema, ndugu yangu Mumbere, anza kutembea leo, taratibu. Anataka nichoke! Nikamwomba amwambie Mbambu kwamba nina nguvu. Akasema atamwambia ninamkumbuka.

Nimelia kidogo. Safari hii si wino.

Lakini kosa langu nimelijua. Rangi ya viatu hutiririka. Lami haitiririki, na wanatengeneza barabara pale chini, nitaomba kopo. Abudu anasafiri tena mwisho wa mwezi. Mbambu, Juni nipo nyumbani. Utanitambua kwa nywele.