Neno la Siri la Miwani

Jumatatu, tarehe 6

Imekataa tena. Mara ya tatu! Nimeandika --nguo shati, nikaongeza --hali imeungua, nikaishia hapo. Aliyepiga pasi sikumtaja. Kompyuta ya hapa kazini kwa dobi, inayotoa lebo za nguo za wateja, ikajibu: "Hujataja --nani. Lebo haitoki." Imejuaje kuwa naficha? Kuna mtu nyuma ya hili. Na programu kaiandika shemeji, mume wa dada. Haya.

Shati nimelifukia chini ya mashuka. Kola ina alama ya pasi, nyeusi. Ijumaa Bosi anachagua nani wa kubaki kazini moja kwa moja: mimi, au Miwani, yule anayepanga hanga kwa rangi.

Jumanne, tarehe 7

Nimemchimba shemeji wakati wa kula, kwa kuzunguka. Kafurahi mno. Mtu asiye na neno hafurahi hivyo.

Kasema maneno ninayoandika yanakuwa orodha, na vikazi vidogo vidogo vinayapokezana kama mafundi wanaorushiana matofali. Kila kimoja kinatoa jibu jipya. Hakuna kinachofuta cha mwenzake. Na kila chaguo lenye vistari viwili, likiwepo au lisipokuwepo, lazima yeye aseme kitafanyika nini. Akisahau upande mmoja, lugha ya kompyuta aliyoiandikia inaikataa programu nzima.

Lugha inamkagua shemeji! Dada kajaribu miaka minne, kashindwa.

Jumatano, tarehe 8

Miwani huyo! Kaandika mstari wake, halafu mwishoni kaongeza neno: --jaribu. Kompyuta ikasema sawa. Printa kimya. Akatabasamu.

Akaniita nikaone. Nikasema naenda kuanika. Anayekuita uone hiki, kuna kile hataki ukione. Lakini neno nimelishika. Ndio mlango wa nyuma wa wanaopendelewa.

Alhamisi, tarehe 9

Nimengoja Miwani atoke na beseni. --nguo shati --hali imeungua --nani Miwani --jaribu.

Sawa! Jina lake likatokea pale, wazi kabisa. Lebo haikutoka, bila shaka imeenda moja kwa moja kwa Bosi. Shati nimelitoa kwenye mashuka, nimelitundika mbele ya watu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Ijumaa, tarehe 10

Mwenye shati kaja. Halina lebo. Bosi kaligeuza huku na huku. Kola safi! Miwani kasema jana jioni aliona imeungua, akaifumua, akaigeuza upande wa ndani, akaishona upya. Nani kamtuma?

Mteja kaondoka anacheka. Bosi kauliza nani kaliunguza. Miwani kaangalia viatu vyangu.

"Mwenyewe atakuja kukwambia, mama."

"Nampa mpaka kesho asubuhi," Bosi kasema. "Akija kwa mdomo wake, nawachukua wote wawili."

Wote wawili. Nimesikia vizuri. Tangu lini?

Jioni nikamuuliza shemeji lile neno linafanya nini. Kasema ni la kujaribia tu: mstari unasomwa wote, kompyuta inaonyesha kitakachofanyika, halafu hakifanyiki. Miwani analitumia ili asiharibu karatasi za lebo. Nikauliza: hata jina lililotokea pale halikwenda kwa Bosi? Hapo kaelewa.

"Shemeji, hilo neno limekuokoa. Mstari wa kweli haufutiki, na unakaa na jina la aliyefungua kompyuta. Nenda kwa Bosi, yaishe."

Kwa nini ana haraka hivyo nikiri? Miwani kampa nini?

Jumamosi, tarehe 11

Nimepata! Usiku kucha naumiza kichwa, kumbe kasoro ilikuwa neno moja tu. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa --jaribu. Nikiandika mstari uleule bila hilo neno, jina la Miwani linabaki. Shemeji kaniambia mwenyewe, bila kujua!

Dada kaniuliza mbona mapema hivi. Nimemwambia naenda kukiri. Kanishika bega, kasema leo nimekuwa mtu mzima. Hata yeye wamemweka sawa.

Inabidi niondoke sasa hivi. Miwani anafika saa moja, nami ufunguo wa pili ninao, lazima kompyuta niikute peke yake. Nitafungua kwa jina langu, maana lingine inalikataa.