Mistari Myekundu Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa jarida la shule ametangaza. Tumebaki wawili, na atakayekuwa na makosa machache kwenye makala yake Ijumaa ndiye mhariri. Mhariri hujifungia chumbani na kuandika. Raha! Anayeshindwa huwa msaidizi, na msaidizi husoma habari kwa kipaza sauti kwenye gwaride la Jumatatu, mbele ya shule nzima. Afadhali ardhi inimeze. Nasomeshwa kwa lugha mbili na nanyamaza kwa zote mbili.

Mpinzani wangu: Dada Nukta, wa darasa la juu. Hata akicheka huweka nukta. Kompyuta ya chama cha jarida ni moja, tunapokezana. Nimefungua makala yangu. Nyekundu tupu! Hata "mama" limepigiwa mstari.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua mipangilio! Kumbe kikagua tahajia kilidhani naandika Kiingereza. Nimekiwekea Kiswahili. Mistari imebaki kumi na tisa. Ningeweza kusahihisha. Lakini kuna mahali pameandikwa "Ongeza kwenye kamusi". Nimebofya mara kumi na tisa, mashine ikayakubali yote kama maneno halali. Ukurasa mweupe pe!

Jumatano, 6 Machi
Nukta naye kafungua makala yake. Safi! Kumbe mipangilio ni ya mashine, si yangu. Kanishukuru, kaniita mdogo wangu, kasema Mungu anizidishie. Uchungu ulioje. Alipotoka nikarudisha Kiingereza, kesho akione cha moto. Mara mwalimu huyu hapa, anataka kuona ya kwangu. Akaona nyekundu tupu, akauliza kama nimeandika au nimechinja kuku. Nikajibu ndiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezima ukaguzi wote. Nukta alipoona mashine imenyamaza, kachomoa kamusi ya karatasi na rula, kapitia neno kwa neno. Nimemwonea huruma. Yangu sijaisoma tena. Ya nini? Ni nyeupe.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu kataka makala zichapwe. Karatasi! Kasema tangu Jumatano macho yake hayataki tena kuona skrini. Kisha kachomoa kalamu nyekundu mfukoni. Nukta: kosa moja. Mimi: kumi na tisa. Yale yale, nayajua kwa sura. Nukta kanipigapiga begani, kasema miaka miwili hajawahi kuisikia sauti yangu, anaingoja kwa hamu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama kasema nijizoeze mbele ya kioo, haya haijaua mtu. Sina haja. Jana, kabla ya kuizima kompyuta, niliona kitu kwenye mipangilio ile ile: "Soma kwa sauti". Jumatatu naiunganisha na spika. Itasoma yenyewe, mimi nitachezesha midomo tu. Nani atajua?

Niliijaribu kidogo. Sauti ni ya mwanamke wa makamo, tena inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza.

Hilo ni la kubofya tu.