Jasho kwenye Dungu la Msituni

Jumatatu, 22 Julai
Joto la ajabu! Bibi Kreszenz, mwenye haki ya kuwinda katika msitu wetu, ametangaza shindano. Atakayempata kulungu dume kwa kumwita kwa mlio wa jike, kabla ya Jumapili, atalikalia dungu la ukingoni mwaka mzima. Dungu langu! Nimelikalia tangu nilipostaafu kufundisha Kilatini. Mpinzani ni mmoja tu: Korbinian, shemeji yangu, mkulima. Simwogopi.

Wakati wa supu Walburga, mke wangu, alitamka “damu ya kulungu”. Nikamsahihisha kwa upole. Wawindaji hatusemi damu, tunasema jasho. Anayekosea huwanunulia wenzake bia. Nilimweleza asili ya neno hadi supu ikapoa. Akasema haya, mwalimu, jasho.

Jumatano, 24 Julai
Mpango: kumtangulia Korbinian. Yeye anadai bado mapema, majike hawajaingia joto wala kutafuta madume, kwa sasa ni kulia kidogo kama jike mpole kisha kungoja. Hawajaingia joto! Kipimajoto kinaonyesha thelathini na nne.

Nadharia yangu ni nyepesi: sauti kubwa, jike mkubwa. Nikalibana jani kati ya vidole gumba, nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Akaja paka wa Bibi Kreszenz. Maana yake sauti inafika mbali.

Jioni Korbinian akauliza baa nzima nani kachinja nguruwe kwenye joto hili. Wivu.

Ijumaa, 26 Julai
Siku ya ushindi, karibu kabisa!

Alasiri, dunguni, shati limeniganda mgongoni. Nikamtumia Walburga ujumbe: “Jasho tele, mpaka kwenye ngazi. Njoo upesi.” Nilitaka shati kavu.

Kisha jani likachanika. Likatoa mlio hafifu, wa kitoto, wa aibu. Na papo hapo, kutoka kwenye mahindi, akatoka dume! Pembe nene, shingo nene. Anakuja. Nikainua bunduki. Chumvi machoni, sioni kitu. Nikafuta. Hatua chache zaidi...

Tarumbeta! Bibi Kreszenz, mashavu yamevimba, anapiga wimbo wa heshima ambao wawindaji humpigia kulungu aliyeuawa. Nyuma yake Korbinian na mbwa wake wa kufuata jasho. Dume akaruka na kupotea. Mbwa akanusa ngazi, akapanda nusu, akanibwekea mimi, kama alivyofundishwa kumbwekea mnyama aliyeanguka kwa risasi.

Korbinian akaniuliza, shemeji, risasi imekuingia wapi? Walburga akafika akihema. Nikamwuliza kwa nini aliwaita. Akasema mume wangu, nani aliyenifundisha jasho ni nini? Nikaomba shati kavu.

Jumapili, 28 Julai
Korbinian alimpata jana. Dume yuleyule. Alilia mara mbili, polepole, akala mkate wake, akangoja. Dungu limekwenda kwake. Mimi nimepewa kiti kando ya barabara ya matrekta.

Walburga anasema si uliona mwenyewe, alikuja kwa mlio mdogo. Nikamweleza kwa subira. Yule dume aliitikia wito wangu wa Jumatano. Habari huchukua muda kuwafikia wazee. Korbinian amevuna nilichopanda mimi. Kosa langu ni moja tu: nilichelewa kuanza, na nilipuliza kwa unyonge.

Mwaka ujao naanza Mei. Mpiga tarumbeta wa kanisani amekubali kunifundisha.